Kidole hukatwa na mashine, fidia hukatwa na karatasi

Msumeno wa karakana ukishamla mtu kidole, mambo ya saa ya kwanza hufuata mkondo ule ule, iwe ni Gikomba, Eneo la Viwanda la Nairobi au Changamwe. Mashine inazimwa, jeraha linafungwa kwa kitambaa chochote kilicho karibu, na majeruhi anapandishwa bodaboda hadi zahanati ya jirani. Nyapara analipa bili, anaongeza nauli ya kurudi nyumbani, na kumwambia apumzike kwanza, mengine yataongewa. Majeruhi anashukuru, maana ametendewa utu. Wiki zinapita, kidonda kinafunga, anarudi kazini na kugundua kwamba mkono haushiki kama zamani. Hapo ndipo anapoanza kuulizia fidia, na akiambiwa kwamba hakuna kitu, ndipo anapotafuta wa kumsaidia. Dai langu ni kwamba wakati huo amechelewa, hata kama muda wa kisheria haujaisha. Msaada wa kudai bima ya ulemavu unatakiwa siku ya jeraha, kwa sababu siku hiyo na zile chache zinazoifuata ndizo zinazoandika kiasi ambacho mtu atalipwa.

Tuanze na kile ambacho sheria inatoa, kwa kuwa wengi hawakijui. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo kila mtu nchini Kenya anaiita WIBA, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na inampa haki mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini bila kumtaka athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Mtu aliyeteleza mwenyewe kwenye mafuta sakafuni analipwa sawa na aliyeangukiwa na ukuta mbovu. Haki hiyo ina mafungu matatu, na mafungu hayo hayalipani. La kwanza ni gharama za matibabu. La pili ni malipo ya kipindi ambacho majeruhi hawezi kufanya kazi. La tatu ni fidia ya ulemavu wa kudumu, yaani thamani ya kile ambacho mwili umekipoteza na hautakirudisha. Bili ya zahanati iliyolipwa na nyapara ni fungu la kwanza tu. Lakini kwa kuwa hilo ndilo linaloonekana kwa macho na kulipwa papo hapo, majeruhi wengi hudhani kwamba deni limekwisha, na wakati mwingine mwajiri naye hudhani hivyo kwa nia njema kabisa.

Fungu la tatu ndilo zito, na hesabu yake ni nyepesi kiasi cha mtu kuifanya nyuma ya risiti. Huchukuliwa mapato ya mwezi, yakazidishwa mara 96, kisha ikachukuliwa asilimia ya ulemavu iliyopimwa na daktari kwa kufuata jedwali lililoambatishwa kwenye sheria. Mtu anayepata shilingi 20,000 kwa mwezi na kupimwa ulemavu wa asilimia 10 atadai shilingi 192,000. Akipimwa asilimia 15, dai linafika 288,000. Sasa tuseme fomu iliandika kwamba anapata 15,000, kwa sababu aliyeijaza alihesabu mshahara wa msingi na kuacha ovataimu ambayo jamaa huifanya kila wiki. Kwa asilimia 10, dai linashuka hadi 144,000. Linganisha ncha mbili za mfano huu: 144,000 na 288,000, moja ni nusu kamili ya nyingine. Kidole ni kile kile, maumivu ni yale yale, na hakuna aliyesema uongo mkubwa. Kilichobadilika ni namba mbili tu zilizoandikwa kwenye karatasi, na zote mbili huandikwa mapema, mara nyingi majeruhi akiwa hayupo au akiwa na maumivu yasiyomruhusu kusoma.

Ni nani basi anayeziandika? Mfanyakazi anatakiwa kumwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri naye anatakiwa kumpelekea taarifa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku saba. Taarifa hiyo huenda kwa fomu inayojulikana kama DOSH/WIBA 1, ambayo wakongwe wa viwandani bado wanaiita LD 104. Sehemu moja ya fomu hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari, kisha ofisi ya Mkurugenzi hupiga hesabu na kumdai mwajiri au kampuni yake ya bima, ambaye ana siku 90 za kulipa. Majeruhi ndiye mwenye mwili na ndiye mwenye dai, lakini katika mzunguko huo wote kalamu iko mikononi mwa watu wengine. Mwajiri anaandika mapato na namna ajali ilivyotokea. Daktari anaandika kilichopotea. Bima inasoma walichoandika hao wawili na kutafuta mahali wasipokubaliana. Mtu asiye na wa kumwongoza hatua hiyo huja kuifahamu fomu yake siku anapoonyeshwa kwa nini haitoshi.

Hapo zamani, kosa la hatua ya mwanzo lingeweza kurekebishwa mahakamani. Majeruhi alimwona wakili, kesi ikafunguliwa upya kwa hakimu, mashahidi wakaitwa, na daktari mwingine akatoa ripoti yake. Njia hiyo imezibwa. Chama cha Wanasheria cha Kenya kilipinga vifungu kadhaa vya WIBA, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho. Mahakama ya Rufaa ikatengua sehemu kubwa ya uamuzi huo mwaka 2017, na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: dai la jeraha la kazini linaanzia kwa Mkurugenzi, na mahakama inakuja baadaye kwa njia ya rufaa. Kesi nyingi zilizokuwa zimefunguliwa kwa njia ya zamani zilikwama, hadi Jaji Mkuu Martha Koome akalazimika kutoa maelekezo mwaka 2023 kuhusu jinsi ya kuzimaliza. Leo asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anaweka pingamizi ndani ya siku 60, na asiporidhika na jibu anakata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30. Lakini rufaa husikilizwa juu ya kile kilichokwisha kuwekwa mezani. Jaji hawezi kuliona jeraha lilivyokuwa asubuhi ile. Anaona tu lilivyoelezwa. Kwa uamuzi wa 2019, uzito wa kesi ulihama kutoka chumba cha mahakama hadi kaunta ya zahanati na dawati la karani wa kampuni, na watu wengi hawajapata habari kwamba umehama.

Tuitazame hiyo kaunta kwa karibu. Muuguzi ana foleni ya watu thelathini na daftari moja. Anaandika jina, umri, na "jeraha la mkono". Maneno hayo ni kweli na yanatosha kabisa kwa tiba, kwa maana dawa ya kidonda haiulizi kilitokea wapi. Kwa fidia hayatoshi hata kidogo. Jedwali la sheria linatofautisha kidole gumba na cha shahada, cha shahada na cha mwisho, kidole kilichokatika chote na kilichopoteza pingili moja. Bima nayo itauliza kama ajali ilitokea kazini au nyumbani. Mstari ule wa daftari ungeweza kusema: amekatwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, pingili mbili, na msumeno wa kupasulia mbao, akiwa kazini, leo saa nne asubuhi. Ni sekunde ishirini za kuandika. Hakuna wakili, baada ya miezi minane, anayeweza kurudi kuziongeza sekunde hizo bila bima kuuliza zilikuwa wapi siku zote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwa na bima akilini, lakini hakuna mali inayopotea kwa njia hiyo kwa urahisi kama fidia ya mkono.

Ukiona hivyo, utaona pia kwamba msaada ninaouzungumzia si lazima uwe wa mtu wa suti. Siku ya kwanza msaada ni mwenzako wa zamu anayekusindikiza hospitalini na kumwambia muuguzi, kwa upole, aandike kwamba ni ajali ya kazini. Ni yule anayemtumia nyapara ujumbe wa simu akisema fulani ameumia saa fulani kwenye mashine fulani, kwa kuwa ujumbe una tarehe na hausahau. Wiki ya kwanza msaada ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayeomba nakala ya fomu iliyojazwa na kuhakikisha kwamba mapato ni yale halisi, ikiwemo ovataimu ya kila mara. Kwa kibarua asiye na barua ya ajira, msaada ni mtu wa kumkumbusha asifute jumbe za M-Pesa za ujira wake, maana huenda huo ndio ushahidi pekee kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Wiki za baadaye msaada ni afisa wa kazi wa kaunti, au shirika la msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, ambalo limekuwa likifanya kazi hiyo tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Na mwisho ni mtu wa kumsomea majeruhi hati yoyote kabla ya kutia sahihi, hasa ile inayosema amepokea kiasi fulani na hana dai jingine lolote. Wakili anaweza kuhitajika, lakini akija akute mambo yameandikwa, kazi yake ni fupi na ada yake haina sababu ya kuwa kubwa.

Haja hii ni kubwa zaidi kwa wale ambao hawana siku ya ajali ya kuielekezea kidole. Sheria inalinda pia wanaougua kutokana na kazi: masikio yanayokufa taratibu kwa kelele za mitambo, mapafu yanayojaa vumbi la machimbo ya mawe au la saruji kule Athi River, ngozi na pumzi za wanaoshika dawa za kunyunyizia mashambani. Ugonjwa wa aina hii hauna saa nne asubuhi. Unaanza kama kero, unakuwa mazoea, na mtu hujua kuwa ni ulemavu siku familia yake inapolalamika kwamba haisikii. Bima itauliza kama alianza kazi akiwa mzima, na ni kazi ngapi nyingine alizofanya kabla ya hiyo. Majibu yako katika vipimo vya mwanzo na kumbukumbu za ajira, vitu ambavyo mtu hawezi kuvitengeneza baada ya kuugua. Kwa mgonjwa kama huyu, mapema maana yake ni siku daktari anapotamka kwa mara ya kwanza kwamba huenda kazi ndiyo chanzo. Siku hiyo aulize aandikiwe.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatoka kwa waliochomwa: ukiingiza watu mapema, watakula fidia yote. Ni kweli kwamba nje ya wodi za majeruhi huzunguka madalali wanaokusanya majina na kuyapeleka kwa mawakili wa ajali, na wapo waliobaki na vumbi baada ya mgao. Sheria ya Mawakili hairuhusu wakili kufanya mapatano kwamba atalipwa tu kesi ikishinda, lakini makubaliano ya pembeni huwa hayaandikwi. Hata hivyo, tuangalie dalali anastawi wapi. Anastawi kwa mtu aliyekata tamaa, ambaye amekataliwa mara mbili, ambaye siku zake zinakaribia kwisha, na ambaye hajui dai lake lina thamani gani. Mtu anayejua kuzidisha mapato yake kwa 96 na ambaye ana nakala ya fomu yake mkononi hauziwi hofu kwa urahisi. Ushauri wa mapema unaotolewa bure au kwa bei ndogo ndio unaomnyima dalali soko. Anayesubiri hadi mambo yaharibike ndiye anayenunua msaada kwa bei ya dharura.

Pingamizi la pili ni la mkate. Mfanyakazi, na hasa kibarua, anaogopa kwamba akitaja fidia ataonekana mkorofi na kesho hataitwa getini. Hofu hii siibezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kumfuta mtu kwa sababu amewasilisha malalamiko yenye msingi si haki, lakini kibarua hafutwi. Haitwi tu, na hilo ni gumu kulithibitisha. Ninachosema ni kwamba kukaa kimya hakumlindi kama anavyodhani, kwa kuwa mtu ambaye mkono wake haufanyi kazi kama zamani atakuja kuachwa tu pale kazi itakapompita, na siku hiyo atakuwa hana kazi wala dai. Aidha, taarifa ya mapema haimtoi mwajiri fedha mfukoni kama ana bima. Ameshailipia. Taarifa iliyochelewa ndiyo inayompa bima sababu ya kubishana, na bima ikikataa, dai humrudia mwajiri mwenyewe, kwa kuwa mbele ya sheria yeye ndiye mdaiwa. Mwajiri anayejua mambo atataka fomu iende ndani ya zile siku saba kuliko hata majeruhi. Anayeizuia, mara nyingi, ni yule asiye na bima, na huyo ndiye hasa ambaye mfanyakazi anahitaji kumjua mapema.

Kampuni za bima zina pingamizi lao, na lina uzito: ukiwafundisha watu kudai, utazalisha madai ya uongo, na gharama zake zitarudi kwa kila mwajiri kupitia malipo ya bima yaliyopanda. Madai ya uongo yapo. Lakini dai la uongo linapenda kuchelewa. Linapenda ajali isiyoshuhudiwa na mtu, zahanati isiyokumbuka, na ripoti ya daktari iliyoandikwa muda mrefu baada ya tukio. Jeraha lililoandikwa siku ile ile, na shahidi aliyetajwa kwa jina, na ujumbe uliotumwa dakika kumi baadaye, ni gumu kubuniwa na ni rahisi kukaguliwa. Ushahidi unaomsaidia mkweli ndio huo huo unaomkamata mwongo. Kwa hiyo bima inayotaka kupunguza wizi ingekuwa ya kwanza kubandika bango kwenye kila karakana iliyoikatia bima, likieleza la kufanya saa ya kwanza.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu zaidi. Linasema: sheria hii ilitungwa ili majeruhi alipwe bila vuta nikuvute, sasa kumwambia atafute msaada ni kukiri kwamba imeshindwa. Rekebisheni mfumo, acheni kumbebesha mgonjwa mzigo. Nakubali nusu. Tanzania ilichagua njia nyingine: badala ya kila mwajiri kununua bima yake, waajiri wote wanachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Hilo linaondoa tatizo la mwajiri asiye na bima kujificha, na ni funzo ambalo Kenya ingelitafakari. Lakini hata huko, mfanyakazi humwarifu mwajiri, mwajiri huuarifu Mfuko, na daktari hupima. Karatasi ya mwanzo bado inaandikwa, na bado inaandikwa na mtu asiyekuwa majeruhi. Hakuna mfumo, uwe wa kampuni au wa umma, unaoweza kulipa kile ambacho hakikuandikwa. Marekebisho yapunguze mzigo, lakini hayataiondoa siku ya kwanza.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kusubiri Bunge. Daftari la zahanati liwe na safu moja ya kuuliza kama jeraha ni la kazini. Nakala ya fomu apewe majeruhi siku ile inapotumwa, si siku anapoiomba. Jina la kampuni ya bima libandikwe ukutani karibu na sanduku la huduma ya kwanza, ili anayefungua sanduku alione na jina. Na vyama vya wafanyakazi, ambavyo hutumia nguvu nyingi kugombania nyongeza ya mshahara, vichague mtu mmoja katika kila zamu anayejua njia hii, kama wanavyomchagua anayejua kutumia kizimamoto. Hakuna anayemlaumu mtu wa kizimamoto kwamba anauombea moto. Tunajua tu kwamba moto ukishashika paa, aliyekuwa akiulizia kizimamoto kilipo hana tena la kuokoa. Msumeno nao ukishazimwa na damu ikisharudishwa nyuma kwa kitambaa, kazi inayofuata, kabla ya bodaboda kuwasha, ni mtu mmoja kutoa simu na kuandika: nani, wapi, saa ngapi, mashine gani, kidole kipi.